Injini ya Mwanao Imewaka

Mama,

Shikamoo. Kabla ya yote naulizia goti lako, maana mara ya mwisho ulinidanganya kwamba limepona huku umelishika kwa mikono miwili. Na dawa ile ya kuchua usimgawie kila jirani anayelalamika. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako mkubwa amenipita urefu, na kitinda mimba bado anabisha hata akielezwa lililo wazi, kwa hiyo damu yenu haijapotea.

Nina jambo la kukuomba. Tangu mwanao afariki umenishika kama niliyetoka tumboni mwako, na naogopa neno langu moja lisije likatutenganisha. Basi niache nianzie mbali kidogo, kwenye injini.

Unakumbuka ilivyozimika mwaka ule wa msiba, ikabaki bandani pamoja na mashine ya kusaga, kuku wakitaga juu yake. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja akaipima kwa macho, nikamfukuza. Nikaita mafundi. Wa kwanza alisema ni injini ya pampu, haiwezi kusaga hata chumvi, nami nikamkumbusha kwamba ilisaga unga wa mtaa huu wote kabla yeye hajaota ndevu. Wa pili alifungua kifuniko cha juu akatafuta vali, asizione, akaniambia kwa uso mkavu kwamba zimeibwa. Na wote wawili, kama ilivyo kawaida ya mafundi, waliuliza ni nani aliyeiharibu kiasi hiki.

Wa tatu ndiye ninayetaka kukueleza habari zake. Ni mtu mzima, mpole, aliyefiwa na mke, na anakunywa chai kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya kikombe. Siku ya kwanza hakushika spana. Kibati cha jina kiling'oka zamani, kwa hiyo alikwangua rangi taratibu akitafuta chapa, akakosa. Kisha akafungua bomba la moshi, akamulika tochi ndani, akaniita nichungulie. Ukutani mwa silinda kulikuwa na matundu. Alinieleza kwamba injini ya namna hii haina haja ya vali: pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, ndiyo inayofungua na kuziba matundu, hewa ikaingia na moshi ukatoka. Ndiyo maana huwaka kila inapozunguka mara moja, wakati dizeli nyingi tunazozijua huzunguka mara mbili ndipo ziwake. Nilicheka peke yangu nikimfikiria yule wa vali zilizoibwa.

Tuliifungua yote. Nasema tuliifungua kwa sababu nilikataa kukaa pembeni. Mimi ndiye niliyeosha vyuma kwa mafuta ya taa, mpaka wajukuu zako wakalalamika kwamba chakula changu kinanuka gereji. Ringi mpya alizihangaikia mwenyewe, na nozeli, ile inayonyunyiza mafuta ndani, akaipeleka kusafishwa. Pistoni ilikuwa na kinundu juu, upande mmoja, na alipokuwa akiirudisha niliona amekigeuza kinundu kikaangalia upande wa pili, sivyo tulivyokikuta. Nikamuuliza. Alisema imechakaa upande ule, anaipumzisha. Sikuridhika.

Siku ilipowaka, Mama, nililia. Iliwaka bila ule moshi mweusi tuliouzoea, na mashine ikazunguka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona. Hapo nikaelewa kwamba kuna jambo nimefichwa, nikambana aseme kweli. Aliinamisha kichwa akakiri kwamba pistoni ilikuwa imefungwa kinyume, kinundu hakikuielekeza hewa juu inavyotakiwa, na hewa mpya ilikuwa ikitorokea nje kabla haijafanya kazi. Wewe unajua kwamba mwanao aliinunua injini ile ikiwa vipande ndani ya magunia, mwaka tuliooana, akaiunga kwa mikono yake, na baada yake hakuna aliyewahi kuitoa pistoni. Kumbe miaka yote tulisaga kwa nusu nguvu. Na kwa nusu nguvu hiyo alitulisha, akatuvisha, akatujengea. Namwonea fahari kuliko zamani.

Nilimuuliza fundi kwa nini alinificha. Alisema aliyeifunga hakuwa na kitabu wala wa kumuuliza, na bado kila nati aliikaza kama inavyotakiwa. Na kwa kuwa hayupo kujieleza, hakuona vizuri watoto wasikie kosa la baba yao kutoka kwa mtu baki.

Msibani wengi walimsifu mwanao, na ndivyo inavyopasa. Huyu alimsitiri bila kumjua, mahali ambapo angeweza kujipatia sifa kwa kumsema. Usingizi wangu haujatulia tangu siku hiyo.

Sasa nilitoe lile jambo langu. Fundi ameomba kunioa, Mama, na moyo wangu umekubali. Mwanao bado namlilia. Fundi analijua hilo na hajaniambia niache. Alitaka wazee wake waende kwa kaka zangu kuniposa. Nikamwambia huko watafika baadaye, kwanza waje kwako, wabishe hodi mlangoni pako, kwa sababu wa kunitoa ni wewe. Ukisema hapana, nitamrudishia jibu hilo kama lilivyo, wala sitakununia. Lakini nakuomba uwasikilize. Watakuuliza mimi ni nani wako. Nimekaa na kalamu hii muda mrefu nikiwaza utawajibu nini, na ninalolitamani ni moja tu, uwaambie ni binti yako.

Wajukuu wanakuamkia. Mdogo anasema uje usikie injini, maana sasa inanguruma mpaka barabarani. Nisalimie majirani, hata wale wa dawa ya kuchua.

Nakupenda na nakungoja.

Mimi,
mke wa mwanao, na mtoto wako ukiniruhusu.