Daktari wa Foleni ya Malori

Malaba

Mama mpendwa,

Natumai u mzima, na goti linakuruhusu kupanda kanisani. Mimi naendelea vizuri sasa, ila nina jambo la haraka: ile dawa ya macho niliyokutumia mwaka jana, usijitie tena kabla hujaonwa na daktari.

Unakumbuka nilivyomsifu aliyeniuzia? Nafuta sifa zote. Bwana huyo ana meza kando ya foleni ya malori, koti jeupe lenye madoa ya chai, na kichupa kimoja anachowadondoshea madereva wote wenye macho mekundu, huyu akitoka yule anainua uso. Eti daktari! Nami na masomo yangu yote, mchapaji wa karatasi za mizigo, nikapanga foleni.

"Madam, hii ni ya Uganda, kali kabisa. Weka matone tatu, pepesa macho ienee."

Nikapepesa kama zuzu. Jicho likatulia, kisha maumivu yakarudi, hata mwanga wa mlangoni sikuuweza. Ndipo nikaenda kliniki ya macho Busia. Daktari wa pale, mama mmoja mkali, akataka aone ninavyojitia dawa.

"Nani alikufunza hivyo, dada?"

"Daktari wa kule kwa malori."

"Daktari wa nini? Wa matairi?"

Kumbe uvimbe ulikuwa ndani ya jicho, na jicho halibebi hata tone moja zima. Linalozidi huteremka na machozi hadi puani na kooni, ndio ule uchungu niliokuwa nikimeza. Kinachopenya kioo cha mbele na kufika ndani ni kidogo mno. Kwa hiyo unatikisa kichupa, maana dawa hukaa chini, unatia tone moja, unafumba, unabana kona ya jicho karibu na pua. Yule bingwa hajui hata kutikisa.

Tena dawa hii, maana hata kliniki walinipa ileile, ikitumiwa ovyo miezi mingi hupandisha presha ya jicho kimyakimya na kuua mshipa wa kuonea. Jicho linabaki jeupe, zuri. Mimi hupimwa kila nikienda. Wewe nani amekupima?

Jumapili kwenye simu ulisema macho hayawashi tena, ila siku hizi unajigonga bega la kushoto kwenye mlango. Nikacheka, nikakwambia uwashe taa. Yule muuzaji namdharau, lakini kwa kicheko kile najidharau zaidi.

Nisalimie baba mdogo mfuga mbuzi na shangazi wa kwaya. Mwambie ndugu yangu Mwakio aache shamba Jumatatu akupeleke hospitali, na kichupa mkichukue. Atembee kushoto kwako, Mama, upande unaojigonga.

Binti yako,
Wakesho