Chupa ya Pili ya Damu

Mpendwa Mama Kornelia,

Nakuandikia katika safu yako ya gazeti kuomba unisaidie kuamua, kabla ya Jumatano ijayo, iwapo upendo wa Mungu unanidai nitoe damu kwa ajili ya mama yangu mzazi, au iwapo naweza kukaa kimya bila kutenda dhambi.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kibosho, mhitimu wa shahada ya uchumi, wa kwanza katika kigango chetu kufikia kiwango hicho, na kwa sababu hiyo Baba Paroko amenikabidhi kutoa mada mbele ya vijana siku ya Ijumaa Kuu, mada niliyotakiwa kuieleza chini ya kichwa "Upendo Uliomwaga Damu", ambayo nimekwisha kuiandika kurasa kumi na moja, nikithibitisha kwamba Mungu hakutupenda kwa maneno bali alijitoa mwenyewe, na kwamba sadaka ya Msalaba ilitolewa mara moja kwa wote.

Wakati huo huo mama amelazwa hospitalini mjini Moshi akiwa na uvimbe tumboni, na daktari alitutaka sisi ndugu tutoe chupa mbili za damu kabla ya upasuaji, ya kwanza akaitoa kaka yangu Tito, mwuza ndizi wa Bomang'ombe, akarudi sokoni mchana ule ule, nami nikaahidi ya pili, kisha nikasema nina mafua, kisha nikasema nimeitwa kwenye usaili Arusha, hata upasuaji wa wiki iliyopita ukaahirishwa hadi Jumatano ijayo, na Tito akaniuliza wodini mbele ya wagonjwa, "Msomi, damu yako nayo inasubiri kupandishwa cheo?", wodi nzima ikacheka, ila mama akasema, "Mwacheni baba yangu, huyu tangu utotoni damu yake ni kidogo," kisha akanisogezea bakuli la mtori alioletewa na dada yetu Epifania, yeye hajaonja hata kijiko, akasema, "Kunywa wewe kwanza, uongeze damu," nami nikaunywa wote.

Ukweli ambao sijamwambia mtu ni kwamba nilipokuwa chuoni nilikuwa na rafiki wa kike, aliyefariki kwao Morogoro Agosti mwaka jana baada ya kukonda kwa miezi minane, na damu itolewayo hupimwa, nami nikipimwa nitajua, na wengine huenda wakajua, na kazi niliyoomba, na heshima yangu parokiani, na uchumba wangu na Gladness ambao matangazo yake yatasomwa baada ya Pasaka, vyote vitakwisha. Nimejituliza kwa hoja kwamba kwa kutotoa damu namkinga mama, na kwamba, kwa kuwa Kristo alikwisha kuimwaga damu yake kwa ajili ya wote, kudai damu nyingine ni kuipunguzia sadaka yake thamani. Je, hoja hii ni sahihi?

Wako katika Kristo,
Mhitimu, Kibosho
2 Aprili 1998

*

Mwanangu Mhitimu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Pole. Nilikuwa muuguzi miaka ishirini na tisa, na hofu uliyoibeba tangu Agosti siidharau. Majina na kijiji nimebadilisha, kwa hiyo hilo lisikuondolee usingizi.

Hoja yako ingekupatia alama nzuri kwenye mtihani. Kwa mama anayesubiri upasuaji haina kazi. Kristo alimwaga damu ili tupone, si ili tupate mahali pa kujificha.

Lakini nikutendee haki. Kwa kutotoa damu hukukosea. Mwenye shaka kama yako hatakiwi kutoa, hata kama damu hupimwa. Ulikosea kuahidi na kuwaacha wakungoje. Ungesema siku ile ya kwanza, "Mimi sitaweza," angetafutwa mwingine, na leo mama yako angekuwa anauguza kidonda nyumbani. Uliyekuwa unamkinga si mama. Ni wewe.

Unauliza Mungu anakudai nini. Hakudai chupa. Anadai kile unachokipenda kuliko mama yako, yaani jina la msomi asiye na doa. Ndiyo maana unaona nafuu kubishana juu ya damu.

Na upendo unaouandikia kurasa kumi na moja, mama yako alikuwa ameushika mikononi ukiwa bado wa moto. Mgonjwa mwenye njaa alimpa chakula chake mtu anayemchelewesha kutibiwa, tena akamtetea. Ukanywa. Usijichukie kwa hilo. Kila Mkristo amekunywa hivyo hivyo, bila kustahili. Ila akishaweka bakuli chini, ana la kufanya.

Leo Jumamosi, ukimaliza kusoma hapa, mwendee Tito. Si lazima umweleze yote. Mwambie, "Kaka, nilidanganya. Damu yangu msiitegemee, tutafute ya mtu mwingine." Atakutania. Vumilia. Kesho, baada ya misa ya Matawi, simama mbele ya vijana wako uombe wawili wa kwenda hospitalini Jumatatu. Wanaosubiri kukusikia ukieleza damu ya Kristo hawatakosa chupa moja.

Gladness umempa nusu ya mstari. Matangazo yasisomwe kabla hujamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako. Asije akazisikia habari hizi kwa watu kanisani akiwa amekaa karibu na mama yake.

Kisha upime, kwa ajili yako na yake. Sikuahidi majibu mazuri. Nakuahidi tu kwamba hutayapokea peke yako. Nitakaa nawe mpaka yatoke, na baada ya kutoka nitakuwa bado nimekaa. Ile mada usiiguse kabla ya hapo. Kunywa chai nyumbani, usije na tumbo tupu.

Mahali pa kukutana nimeandika kwenye bahasha iliyoko mapokezi ya gazeti hili. Siku na saa nazitaja hapa, usije ukasema bahasha haikukufikia: Jumatatu, tarehe 6 Aprili, saa mbili kamili asubuhi.