Thuraya, Watoto Walinicheka

Thuraya, shoga yangu,

Rehema za Mola zikufunike huko uliko. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoiandika bila woga, na unajua kwa nini. Ni wewe tu uliyejua.

Jumamosi zetu zinaendelea. Baada ya hitima yako Dada Muzna, kiongozi wetu, alituita wasichana wote wa jumuiya yetu ya wanafunzi pale chuoni, akasema watoto wa mtaa wa Khuwair wamekwisha kumpoteza mwalimu, wasipoteze na masomo. Basi mama yako bado anatufungulia majlisi yenu ya wageni. Anawasha kiyoyozi mapema, anaweka sinia la tende, kisha anatoka. Hawezi kukaa. Watoto ni wale wale, wa nyumba za Kiswahili kama zetu, wanaokisoma Kiarabu cha skuli kwa kudonoadonoa kama kuku.

Sasa nikwambie lililonifika. Muzna aliuliza nani atawasomea watoto hadithi badala yako, na wote wakanigeukia. "Zamda alikuwa haachani na Thuraya," wakasema. "Anajua kila kitu." Nikakubali. Ningesema nini? Kwamba nilipoletwa Maskati kutoka Tabora nilikuwa msichana mkubwa, nikatiwa skuli ya Kiingereza, na Kiarabu changu ni cha dukani na cha kuswalia? Kwamba muda wote ule nilitandika mikeka, nikagawa maji, nikapiga picha, ili tu mtu asinitie kitabu mkononi?

Wewe uligundua siku ya mwanzo na hukuniuliza kitu. Zamu yangu ilipokaribia ulikidaka kitabu, ukasema kwa sauti, "Zamda kakaukwa na koo, nipeni mie." Garini nilipotaka kukuomba radhi ulicheka: "Unaona haya ya nini? Nna mdomo wa watu wawili mie." Tukasimama kwenye taa nyekundu, ukaanza kunifundisha kutamka herufi ya ain. "Kooni, Zamda! Kooni, si puani!" Dereva wa gari la pembeni alidhani tumepaliwa.

Basi Jumamosi iliyofuata nikakaa kwenye mto wako wa kukalia. Ilikuwa hadithi ya paka aliyepotea, herufi kubwa kubwa, irabu zote zimewekwa. Neno la tatu likanikwama. Nikarudia. Mtoto mmoja akanisahihisha, mwingine akacheka, kisha wakacheka wote. Hawakunicheka kwa ubaya, Thuraya. Walidhani nafanya mchezo, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Muzna akanitoa kitabu mkononi taratibu, akawaambia, "Mwalimu Zamda kachoka, ana msiba." Na mimi nikaitikia kwa kichwa. Ulipokuwa hai nilijificha nyuma yako. Sasa nimejificha ndani ya kifo chako.

Sikurudi. Nilisema nina mitihani. Hata nikitoka mtaa wa Qurum kwenda nyumbani nilizunguka njia ya mbali nisiuone mlango wenu.

Kisha akanipigia simu mama yake Shamsa. Si unamkumbuka Shamsa? Yule asiyefungua mdomo, uliyekuwa ukimpakata na kumsomea sikioni. Mama yake aliongea kama mtu anayeomba kitu kikubwa. "Mwalimu, utarudi lini? Mwanangu hataki tena kushika kitabu. Anasema, mwalimu alichekwa akakimbia, basi na mimi nikichekwa nitakimbia."

Kuchekwa kuliniumiza, lakini si kama maneno yale. Kumbe mtoto alikuwa amejifunza kitu kwangu, na kitu chenyewe ni kukimbia.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Mama yako alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Umekonda, mwanangu." Hakuuliza zaidi. Sikukaa kwenye mto. Nilikaa mkekani, karibu na Shamsa, nikawaambia watoto kwa Kiswahili chetu, "Siku ile sikuwa nafanya mchezo. Kusoma Kiarabu sijui vizuri. Nimekuja kujifunza pamoja nanyi."

Muzna akainama akaanza kupanga vitabu vilivyokwisha kupangwa. Uso ulikuwa unaniwaka, natamani zulia linimeze. Shamsa ndiye aliyeniuliza, kwa sauti ndogo, "Hata herufi huzijui?"

Nikamwambia herufi nazijua, maneno ndiyo yananishinda. Akakivuta kitabu kikawa katikati yetu, akaweka kidole kwenye neno la mwanzo, akalisoma. Sauti yake, Thuraya! Nzito, kama ya mtu mzima aliyetoka kulala. Hukuwahi kuisikia ikisoma. Mimi nikasoma la pili. Ukurasa mmoja ulituchukua muda wote. Wenzake walicheka tena, na sisi tukaendelea.

Nilipoinua kichwa, mama yako alikuwa amekaa. Karibu na mlango, lakini amekaa.

Sitakudanganya kwamba haya imenitoka. Nikishika kitabu viganja bado vinalowa. Na zaidi naona haya mbele yako. Siku zile za mwisho yale maradhi yako ya damu yalipokuwa yakikutesa, viungo vinakuuma hata usukani hukuweza kuushika, ulisoma zamu yako na yangu. Nilikuona. Nikakuacha usome. Nisamehe, shoga.

Baada ya likizo watakuja jumuiyani wasichana wa mwaka wa kwanza, na Muzna ameniomba nizungumze nao. Nakuahidi nitawaambia kwa mdomo wangu mwenyewe jinsi ninavyosoma. Huenda yupo miongoni mwao mwenye haya kama yangu. Nikimjua, sitamsomea, ijapokuwa wewe ulinisomea kwa mapenzi. Nitakaa naye tusome wote, hata tukichekwa.

Mola akulaze pema, Thuraya. Kwaheri, mpenzi wangu.

Zamda wako