Sili Chini ya Theluji

Tasiilaq, Grinlandi ya Mashariki
Mwezi wa Mei

Kwako kaka yangu mpenzi Enok,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nuuk, na kifua kimetulia. Sisi hatujambo. Goti la Mama humsumbua asubuhi tu. Mchana hulisahau, akatuandama sote kwa maneno.

Barafu ya ghuba bado imeshika, na ukungu ni mwingi. Siku hizi nachonga sanamu za sili, wanyama wa bahari yetu, kwa magogo yanayoletwa na maji, kwa kisu cha marehemu Baba. Wa kwanza nilimtia masikio. Mama akamgeuzageuza, akaniuliza, "Huyu sili au mbwa wa Justus?" Nikayakata, nikaacha vitundu viwili. Bado akasema shingo imezidi, sili wa majira ya baridi ni mafuta matupu. Mume wangu Justus alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Mwezi uliopita nilifuatana na Justus barafuni. Alitangulia kutafuta matundu ya kupumulia, yale ambayo sili huyakwangua kwa kucha yasizibe. Mimi nilichoka, nikajilaza ubavu, sikio thelujini. Ukungu ulikuwa umeifuta milima. Sikujua mbingu inaanzia wapi. Nikasikia pumzi isiyo yangu. Ndefu, kisha kimya, kisha sauti ndogo ya kunyonya. Chini yangu, kaka, katika pango alilochimba mama yake, mtoto wa sili alikuwa ananyonya. Nilikuwa kama niliye ndotoni. Justus aliporudi na bunduki nilimwashiria anyamaze, kidole mdomoni mwangu. Akalala kando yangu, naye akasikiliza. Tulirudi mikono mitupu. Mama alipouliza tutakula nini, nikamwambia samaki mkavu, naye, ajabu, akaenda kumtoa.

Wakati wa baridi uliniandikia kwamba mliachana na Baba kwa ugomvi, dhoruba ikakuzuia usije kumzika, na sasa huna wa kumwomba radhi. Sikukujibu. Nilikuwa mjamzito, nikaogopa kulitaja, maana wale wawili wa mwanzo, unajua, hawakufika.

Huyu amefika. Alizaliwa wiki iliyopita, wa kiume, na Mama amempa jina la Baba, Vittus. Na kwetu, jina likirudi, mwenye jina amerudi. Majirani wanapita kumshika mkono na kumkaribisha nyumbani. Mama humwita mume wake, humgombeza, "Safari hii hutoki bila kofia." Jana alimwambia polepole, "Enok wako yuko Nuuk. Tumwite?" Mtoto akapiga chafya. Mama anashikilia kwamba hiyo ilikuwa "ndiyo."

Basi njoo, kaka. Lile uliloshindwa kumwambia, mwambie mwenyewe, ukiwa umempakata.

Justus anakusalimu. Mama anakusalimu, anasema uvae vizuri njiani. Na anakusalimu baba yako, ambaye kwa sasa hana jino hata moja.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Salomine