Tangu Tulipotuma Damu ya Emanueli

Mpendwa binti yangu Nekesa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani huko ng'ambo kwenye baridi? Kile kifua chako kilipona? Mimi niko, Mungu ananishikilia, ila usingizi umenihama. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu nitalia, nawe utasema mtandao unasumbua, kama siku hizi zote.

Unakumbuka Krismasi, tumeketi nje hapa Kiminini, uteo magotini, tukichagua maharagwe ya mbegu? Nilikuuliza kazi yako hasa ni nini. Ukasema damu ina askari wa aina nyingi. Unawapaka rangi inayong'aa, mashine inawapitisha kwenye mwanga mmoja mmoja, kila mmoja ndani ya tone lake, kisha inawatenga, hawa huku, wale kule.

"Ati tulikusomesha miaka yote hiyo uende kuchagua maharagwe?"

"Si wewe ndiye ulinifundisha, Mama?"

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia.

Kisha ukaniuliza habari za ndugu yako Wafula, maana alituacha ukiwa mdogo. Nikakwambia: masikio yalitoa usaha, kinywa kilijaa utando mweupe, kifua hakikupona. Shangazi yako akasema jirani amemwangalia kwa jicho baya, na mpaka leo boma letu na lao hayasalimiani. Uliacha kuchagua. Ukauliza polepole, "Na watoto waliokufa wachanga upande wa kwenu ulikozaliwa, Mama, walikuwa wavulana?"

Walikuwa wavulana. Wote.

Sasa ni Emanueli, mtoto wa dada yako Nasimiyu, kule Bungoma. Masikio yale yale, kinywa kile kile.

Ulipoomba damu yao uipime huko, nilienda Bungoma mwenyewe. Ile ya kwanza iliharibika, na si kwa ubaya. Mama mkwe wa Nasimiyu aliona chupa ziko mezani, jua linawaka, akazitia kwenye friza ya duka lao. "Damu si kama nyama? Itaoza bana!" Ukatueleza kwamba askari lazima wafike wakiwa hai, barafu ile inawapasua. Mama wa watu alilia. Tukatoa tena, ya mtoto, ya Nasimiyu na yangu. Ukasema imefika vizuri.

Tangu hapo umenyamaza.

Nekesa, mwenye habari njema hanyamazi. Nadhani umeona kwamba hii kitu imepita kwangu bila kuniuguza, ikapita kwa Nasimiyu, ikamwangukia mtoto. Unaogopa wakwe watasema tumewaletea damu mbaya, dada yako arudishwe nyumbani na nguo zake. Hata mimi naogopa. Jumapili baada ya ibada yule mama alinipigia simu: "Mama Nekesa, wanasemaje?" Nikamjibu tunamngoja Bwana. Lakini nilijua tunakungoja wewe.

Nilimnyonyesha Wafula nikidhani nampa kila nguvu niliyo nayo. Kumbe nilikuwa nimempa na hili. Napiga magoti, sijui nimuulize Mungu nini. Na wewe mwenyewe, mwanangu, umejipima? Sitauliza mara ya pili.

Lakini ulisema ugonjwa kama huo ukijulikana mapema, mtoto anaweza kusaidiwa. Basi usinihurumie. Yule mama aliitia damu kwenye friza kwa huruma, na ikafa. Wewe usiifanyie habari hii hivyo hivyo.

Niambie mimi kwanza. Nitakwenda Bungoma, niketi kwa yule mama mkwe, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba imetoka kwangu, Nasimiyu hana kosa. Akitaka kukasirika, anikasirikie mimi. Nikirudi nitapitia kwa jirani yetu, nimsalimie. Sijui kama ataitikia.

Emanueli ameanza kukohoa tena. Tafadhali, nijibu upesi.

Ni mimi mama yako,
ninayekuombea kila siku.