Roger Anakataa Kikombe

Jumatatu, 4 Juni 1956

Roger amekataa uji tena. Tumbo ngumu, macho yamezama. Mutoto wa miaka mbili, juma lililopita alikuwa anafukuza kuku ya jirani — leo anataka mugongo wangu tu. Munganga Albert wa dispanseri akamupa dawa ya minyoo. Tungojee, anasema.

Jumatano, 6 Juni

Kumbe! Jana mama mukwe alipanda lori na Roger mpaka Fizi, kwa masera, watawa wa misioni. Mi aliniambia banaenda kusalimia ndugu. Masera nao bakamupa dawa ya minyoo! Mutoto anaharisha tangu asubui. Nikauliza mama mukwe kwa nini hakusema Albert alishamupa. Eti hakuna mutu alimuuliza.

Na majani ya Kibembe anayomupikia Roger? Hayo si dawa, anasema, ni chakula. Halafu Mama Hawa, jirani yetu, alimunywesha kombe — aya zilizoandikwa kwenye sahani, zikaoshwa na maji. Bote kwa upendo. Sasa Roger akiona kikombe analia, hata kikiwa cha maji. Hanywi kitu. Naogopa sana.

Ijumaa, 8 Juni

Daktari wa batoto amefika kutoka Bukavu, mwanamuke. Wa batoto tu? Mama mukwe anauliza bakubwa bafie wapi. Madamu akagusa tumbo la Roger, akauliza amekunywa nini. Nikataja Albert. Mama mukwe akakohoa, nikataja na bengine. Basi madamu akatuma baitwe bote, hata masera wa Fizi. Hatagombeza mutu, anasema.

Jumamosi, 9 Juni

Benchi moja ya dispanseri: Albert, sera, Mama Hawa, mama mukwe na majani yake. Kama batu banaongojea kuungama. Madamu alisikiliza kila mumoja, akanusa majani, akasema mutoto mumoja hawezi kuwa na banganga bane ambao habasemezani. Dawa zote zisimame. Mama Hawa aombe, lakini bila maji ya kunywa. Mi nimupe Roger maji ya muchele na chumvi kidogo, kwa kijiko. Anayetaka kuongeza kitu, hata Albert na masera, amuulize yeye kwanza. Albert aliangalia viatu vyake.

Mama mukwe alinuna njia yote. Nyumbani akaonja maji ya muchele. Hayana ladha, anasema, yanataka asali. Mukono ukaenda kwenye chupa. Ukasimama. Akachukua fimbo, akaenda kumuuliza daktari! Mama huyu, ambaye hajaniomba ruhusa ya kitu tangu niolewe.

Roger amemeza kijiko. Na kingine. Sasa amefunga kinywa, anaangalia mulango, anaita koko, bibi yake. Mi hanitaki. Nimeweka kijiko chini, naandika huku nachungulia njia, na — Mungu anisamehe — natamani mama huyu arudi mbio, akiwa na jibu lolote.