Difu Niliyoifunga Mwenyewe

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, imekatika sasa hivi. Nimechoka mgongo na mabega, lakini sijawahi kuchoka kwa furaha namna hii.

Gari halilii tena.

Naandika yote, hata yale ya aibu. Mlio ulianza wiki tatu zilizopita, tukirudi Bukoba kutoka kuchanja watoto katika vijiji vya ujamaa vya Muleba. Ulikuwa mwembamba, unatoka nyuma, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Nikikanyaga mafuta, unapanda. Nikiachia, unageuka kuwa mngurumo. Nesi aliyekaa pembeni yangu aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni matairi.

Nilijua si matairi. Siku kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimeona oili ikidondoka kwenye difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Niliifuta kwa kitambaa, nikanyamaza. Mimi ndiye dereva mwanamke pekee hapa idara ya afya. Niliogopa kusikia kwamba mwanamke ameshaua gari.

Kwa woga huo niliendesha difu ikiwa karibu kavu.

Jumatatu wiki hii fundi wa karakana alilisikiliza gari mara moja tu. Alisema difu imekwisha, spea hakuna nchi nzima, gari lipakiwe melini lipelekwe Mwanza. Sote tunajua magari yanayokwenda Mwanza. Hatujaona hata moja likirudi. Na bila gari, dawa za chanjo hazifiki Muleba zikiwa bado na ubaridi.

Nilikwenda kwa Ndugu Mganga, mkuu wetu, nikamweleza habari ya ile oili. Alivua miwani, akaifuta na kuifuta mpaka nikatamani anigombeze.

"Ungeniambia mapema, dada," alisema mwishowe.

"Ni kweli, Ndugu. Nimekosa. Naomba siku nne kabla halijapakiwa."

Akanipa.

Nilipanda baiskeli hadi Kaagya kwa Ta Laurean, kama tunavyowaita wazee wa kwetu, fundi wa zamani ambaye sasa analima kahawa yake tu. Nilimkuta kibanjani akikata majani ya migomba. Alisikiliza, akatikisa kichwa. Bila spea afanye nini?

Hapo ndipo nilipopata wazo, na leo najisifu bila haya. Nyuma ya ghala la idara kuna gari la aina ileile, lilipinduka zamani, limebaki kutu na majani. Difu yake ya nyuma ilishang'olewa. Ya mbele bado ipo.

"Ta," nikamwambia, "magurudumu ya mbele huvuta kwenye matope tu. Ile difu haijafanya kazi hata robo ya yetu. Kama ni sawa na ya nyuma, si tuihamishe?"

Alinitazama. Akaweka panga chini, akaenda kunawa.

Tuliitoa Jumatano. Ta Laurean alichora alama kwa chaki, tukazungusha na kuhesabu mizunguko, ya difu ile na ya yetu. Idadi ikawa ileile. Tulipofungua yetu, oili ilitoka nyeusi, inametameta vumbi la chuma, na beringi imelika. Niliitazama muda mrefu. Ile ilikuwa kazi yangu.

Sili ya kuzuia oili hatukuipata popote. Fundi viatu wa Miembeni akatukatia ya ngozi ya ng'ombe, tukailoweka kwenye oili usiku kucha. Jana Ta Laurean alikaa kwenye kigoda, akakataa kushika spana.

"Aliyeharibu ndiye anayefunga," alisema, ila alikuwa anacheka. "Mimi nipo. Nitakuambia ukikosea."

Nililala chini ya gari kutwa nzima. Nilikosea mara mbili, akaniambia mara mbili.

Leo asubuhi, kwenye mvua, Ndugu Mganga aliketi kando yangu tukapanda kilima cha Kahororo. Nilikanyaga mafuta. Nikaachia. Nilisikia injini na mvua juu ya turubai tu. Tulipofika juu, Ndugu Mganga alinigeukia.

"Jumatatu Muleba," alisema.

Tuliporudi karakana, yule fundi alizunguka gari, akachuchumaa, akagusa chini ya difu kwa kidole. Kidole kikatoka kikavu.

"Nani amefunga hii?"

Ta Laurean, aliyekuwa akitusubiri hapo, alininyooshea mkono, lakini nilikuwa nimeshajibu.

"Mimi."

Kuanzia sasa nitapima oili kila Jumamosi, na nikiona tone moja nitalisema siku hiyohiyo, acha wanaonisema waseme.

Mama ameniletea maji ya moto na ndimu, anasema kesho ni misa na kucha zangu bado nyeusi. Nimesugua, hazitoki. Nitakwenda nazo hivyohivyo, na nitakaa benchi la mbele.